Kitanda Kisichofunikwa

Galu, 4 Machi 2024

Kwa mama yangu mpenzi,

Assalamu alaikum. Shikamoo. Natumaini u mzima na uvimbe wa mguu umepungua. Mimi mwili hauna neno. Simu zangu hupokei, kwa hiyo nimempa Boga wa samaki barua hii. Ukitaka kunijibu, mpe yeye.

Mama, nimepewa barua ya onyo hapa hotelini, ya pili sasa. Miaka sita nimetandika vyumba kumi na vinne kwa siku na hakuna aliyeniona na kosa. Siku hizi natandika vizuri mpaka nifike kwenye mto wa kulalia. Hapo shuka la juu linatakiwa livutwe liufunike wote, na mkono wangu unakataa. Nauacha wazi. Mercy, msimamizi wetu, hupita nyuma yangu akafunika mwenyewe, kisha akaandika. Anasema akili yangu iko likizo.

Wewe unajua iko wapi. Tangu siku ile ya Desemba, nilipofika nyumbani nikawakuta wanaume wanarudi kutoka makaburini, sijalala usingizi wa maana. Mwanangu Alamin alizikwa na uso wake sikuuona. Nina swali moja tu. Alipovishwa sanda, usoni alikuwaje? Alikuwa kama aliyelala, au ile homa ilimbadilisha? Niambie, huenda mkono ukatulia.

Mwanao,
Hafsa

Msambweni, 10 Machi 2024

Kwa Hafsa,

Waalaikumu salaam. Marahaba. Mguu ni ule ule. Wengine ni wazima, na mjomba wako Abdurahman anakusalimu.

Uso wa mtoto ungeliuona ungelikuja. Alikata roho saa nne asubuhi. Nikakupigia, simu imezimwa. Nikapiga ofisini kwenu mara tatu, na mara ya tatu mwanamke mmoja akanijibu, "Ameshaambiwa, mama, anamalizia vyumba." Maiti ya mwanao iko ndani, nawe unawatandikia wageni. Hata jirani mwenye kinyongo angelitoka mbio. Uliyapenda mashuka, basi kaa nayo. Hayo ya usoni usiniulize mimi.

Mamako

Galu, 17 Juni 2024

Kwa mama,

Shikamoo. Nakuombea afya. Yangu iko hivyo hivyo. Nimekaa na barua yako miezi mitatu kwa sababu kila nikiifungua nilitaka kukutukana, na mzazi hatukanwi.

Simu zetu hufungiwa kabatini hadi zamu iishe. Sikuambiwa kitu, mama. Mercy aliniita saa kumi, nilipotoka chumba cha mwisho, akanipa habari na nauli. Nilimshika mikono yote miwili nikamshukuru.

Juzi nimemuuliza kama ndiye aliyepokea simu yako. Hakukana. Akasema, "Kulikuwa na basi mbili za wageni na mwenzako Beryl alikuwa mgonjwa. Ningekuambia si ungeenda tu? Na mtoto alikuwa ameshaenda."

Wiki iliyopita waliniletea fomu nijaze sababu ya kazi yangu kuzorota. Niliandika jina la Alamin, basi. Meneja akasoma, akasema mambo ya nyumbani yasiletwe kazini. Nimeachishwa tangu jana.

Nakuja Jumamosi. Sikulaumu. Ulidanganywa kama mimi nilivyofichwa. Swali langu ni lile lile, na sasa nadhani utanijibu.

Mwanao,
Hafsa

Msambweni, 19 Juni 2024

Mwanangu Hafsa,

Marahaba, na salamu nyingi. Nimemwomba Boga akufikishie hii leo leo. Isome kabla hujapanda gari, kisha uamue kama utakuja.

Yote sikukwambia. Baada ya adhuhuri Abdurahman alisema tumngoje mamake hadi kabla ya magharibi, hakuna ubaya. Sheikh akakubali. Mimi ndiye niliyekataa. Maneno ya yule mwanamke yalikuwa yamenijaa kifuani, nikasema mfunikeni, mamake ana vitanda vyake. Nilitaka ufike ukute kaburi, mwanangu, na ndivyo ulivyokuta. Kumbe ulikuwa hujui kitu.

Abdurahman nimemuuliza kwa ajili yako. Anasema usoni mtoto alikuwa kama watoto wote.

Mimi naapa sijui. Waliniita nimuage, wakaufunua uso. Nilisimama pale pale karibu naye, macho yangu yako mlangoni, nakulaani kwa kuwa hukuja. Nilipogeuka walikuwa wameshafunika.

Mamako