Chupa Namba 118

8 Machi
Mama Mdogo,
Shikamoo. Hujambo? Mkono wa upande uliopasuliwa bado unavimba? Mimi mzima, kazi tu zimenibana.
Asante kwa kukubali kuingia kwenye utafiti wetu. Kila miezi mitatu utatolewa damu kliniki, chupa italetwa hapa maabara. Tunatafuta protini zinazobadilika kwenye damu saratani ya titi inapoanza au inaporudi. Huenda siku moja zikatuonya kabla uvimbe haujashikika. Bado hatuna uhakika, ndiyo maana tunahitaji damu za watu wengi.
Nitakuja nikipata nafasi.
Mwanao

20 Machi
Mwanangu,
Marahaba. Sijambo, mkono umepungua. Leo wamenitoa damu. Nesi mcheshi, kaniuliza habari za nyumbani, nikaongea mpaka akacheka: "Mama, kuna foleni!" Kadi yangu ni namba 118. Ukiiona chupa yangu, isalimie.
Cherehani nimeirudia. Nikisimamisha gurudumu, nyumba nzima kimya.
Mama Mdogo

27 Juni
Mama Mdogo,
Shikamoo. Hatutakiwi kujua namba ni ya nani, lakini yako naijua, na leo nimepekua jokofu lote. 117 ipo. 119 ipo. Unaumwa? Simu hupokei. Nijibu upesi, roho iko juu.
Mwanao

4 Julai
Mwanangu,
Marahaba. Siumwi. Nilikaa nyumbani makusudi. Simu niliisikia, nikaiacha iite. Tangu nipasuliwe ni mwaka na nusu, hujaja hata mara moja. Damu yangu unaiona, mimi huna haja ya kuniona. Nilitaka kujua nisipoonekana kama kuna atakayeuliza.
Nisamehe kwa kukutia hofu. Ila barua yako nimeisoma mara nne.
Mama Mdogo

11 Julai
Mama Mdogo,
Shikamoo. Sina la kujitetea. Si kazi. Mama alipofariki kwa ugonjwa huu ni wewe uliyenilea, na ulipopasuliwa niliogopa kukukuta umelala kama yeye. Kutwa nashika damu za wanawake wengine, mwenyewe sijawahi kwenda kupimwa. Sasa kuna kitu kwenye titi la kushoto, kama punje ya harage. Sijamwambia mtu yeyote.
Jumatano natoka huku. Nisindikize hospitali.
Mwanao

23 Julai
Mwanangu,
Natumai umefika salama na umekula. Daktari aliposema kile kivimbe ni maji tu, si saratani, ulicheka, nami nikalia mbele za watu, sijui hata kwa nini. Usisahau kurudi kuangaliwa baada ya miezi sita, kama alivyokwambia.
Leo nimekwenda kliniki. Nesi kanigombeza kwa kuchelewa, kisha akanitoa damu.
Ulipoondoka niliwasha redio, nikaizima. Siku nne zimenidekeza. Kitanda ulicholalia sijakitandika bado.
Mama Mdogo