Kikohozi cha Benchi la Mbele

Jumamosi, 18 Februari 1984

Nimemsomea Babu somo la kesho kabla jua halijazama. Mafuta ya taa hakuna tangu Krismasi. Mara tatu tu, kashika lote! Mzee Yoakimu huyo. Macho yamekufa, kichwa bado kipya.

Mtaa mzima wa Nakwa unadhani anasoma. Anasimama mbele kanisani, miwani puani, kidole kinatembea kwenye mistari, kwenye nukta kinapumzika kidogo! Ukurasa ukiisha mimi nakohoa benchi la mbele, yeye anafunua. Akili hiyo ni yangu. Shule niliiacha darasa la sita lakini nawazidi wa sekondari.

Siri ya watatu: Babu, Bibi Genoveva na mimi, Anselmi mwenyewe.

Jumatatu, 20 Februari

Bibi kamwambia apumzike, awaachie vijana. Babu kakasirika mpaka uji ukapoa. Eti nusu ya mtaa huu ni yeye aliyewafundisha kusoma, enzi za elimu ya watu wazima. Akiacha, atabaki mtu wa kupewa kiti na kuulizwa kama amekula.

Bibi: "Kwani kiti kibaya?"

Babu akanywa uji wake uliopoa.

Jumapili, 26 Februari

Balaa! Lori limepita barabarani, vumbi lote dirishani, nikakohoa kweli. Babu akafunua — katikati ya sentensi! Nikajizuia, kikanitoka kingine. Akafunua tena! Kidole kiko kwenye Zaburi, mdomo bado uko kwa Isaya. Akamaliza bila kukosea hata neno.

Watu wakaitika kama kawaida. Ila Melkiadi alikuwa nyuma yake na kapu la sadaka. Huyu ndiye katibu wa kanisa, kamaliza kidato cha nne na anataka tujue. Alikuwa anaangalia kitabu. Halafu akaniangalia mimi.

Jumatatu, 27 Februari

Nakata matairi sokoni, natengeneza katambuga (viatu vya dukani nani anavyo siku hizi?), Melkiadi huyo na suruali yake pana.

"Kifua kimepona, bwana mdogo?"

"Kifua changu kinakuhusu nini?"

"Kinamhusu msomaji wetu."

Wateja wawili wanasikiliza. Ningenyamaza? Mimi? Nikamwambia Babu anasoma chochote, mletee hata kitu ambacho hajawahi kukiona!

Akacheka. Waraka wa Askofu wa Kwaresima unaletwa Jumapili asubuhi, kasema. Mzee atausoma. Akishindwa, kuanzia siku hiyo anasoma yeye Melkiadi.

Unaletwa asubuhi ileile! Sitauona kabla. Ee mdomo wangu.

Alhamisi, 1 Machi

Sijamwambia Babu. Nilipanga kumwambia Jumanne. Nikapanga jana.

Leo Melkiadi kaja mwenyewe. Shikamoo mzee, kwa adabu zote.

"Marahaba. Mama yako bado anaandika? Mwambie asiache. Herufi ya kwanza nilimshika mkono mimi."

Melkiadi akababaika kidogo. Kisha akautaja huo waraka. "Mjukuu wako ndiye kasema utaweza, mzee."

Babu akanigeuzia uso. Kuku akaingia ndani, akatoka.

"Kama kasema, kasema."

Melkiadi alipoondoka nikangoja fimbo. Hakuna. Hata tusi! Heri angenichapa.

Jumamosi, 3 Machi

Nimemshauri Babu augue. "Niugue nini?" Nikasema malaria. Akasema malaria aliugua Novemba, inatosha.

Bibi kafua nguo kwa majani ya mpapai, sabuni hakuna. Sokoni wanasema gari la padre halina dizeli. Nimesali isipatikane. Sijui kama ni dhambi.

Jioni Babu kaniambia nimsomee. Nisome nini? Chochote. Nikachukua gazeti lililofungia dagaa, limechanika nusu. Habari za mkulima aliyeibiwa ng'ombe. Pale lilipochanika nikaendelea tu — ng'ombe wakapatikana, mwizi akaangukia kisimani.

"Hapo umetunga."

"Umejuaje, Babu?"

"Ukisoma, sauti inashuka kwenye neno gumu. Ukitunga huogopi neno lolote."

Nikacheka. Yeye hakucheka.

"Mimi pia niliyaogopa," kasema. "Yasome hivyohivyo, huku unaogopa."

Nikamuuliza kesho itakuwaje. Kasema nikalale.

Jumapili, 4 Machi

Gari la padre halijaja! Nimerukaruka uani kama mbuzi. Dizeli hakuna, waraka hakuna!

Kisha baiskeli. Melkiadi! Kaenda parokiani alfajiri, mavumbi mpaka kwenye nyusi. Kanipungia bahasha ya kaki, kapita.

Babu ndani: "Huyo ni Melkiadi? Mnyororo wake unalia."

"Ndiye. Anayo."

"Vizuri."

Kavaa koti. Bibi kaniita, kanipa shati langu. Limepigwa pasi! Shati langu, pasi ya mkaa, na mkaa wenyewe huu wa shida. Nikamuuliza kwa nini. Kasema simama nikufunge kifungo.

Babu kanishika bega. "Ukae benchi la mbele. Na leo usikohoe."

"Sasa utajuaje —"

"Usikohoe, Anselmi."

Wametoka, Bibi kamshika mkono. Mimi narudi kuchukua kofia — miwani iko mezani! Miwani yenyewe haioneshi kitu, lakini hajawahi kutoka bila hiyo. Hata chooni.

Nikakimbilia mlangoni. "Babu! Umesahau miwani!"

Hakugeuka.

"Nimeiona."

Naandika nimesimama. Kengele ya kwanza imelia. Nakwa yote itakuwa mle ndani, na Hilaria, yule msichana wa bombani, na wale wateja wawili. Nawazidi wa sekondari, nilisema. Askofu anaandikaga maneno marefu, na sauti yangu itashuka kwenye kila moja.

Miwani nimeiacha palepale.

Kengele ya pili. Shati linabana shingoni. Koo limekauka kabisa — na nimekatazwa kukohoa!