Mama Aachwe Alale

Sekei, Juni 1949

Mdogo wangu Mika,

Kurasa zote za Biblia mpya mlizotutumia nimezisoma. Haya, nadanganya: shemeji yako Ruth alinisomea moja, nikasinzia. Kahawa imeanza kuiva. Mbuzi wako amekufa, tukamla kwa majonzi.

Jumapili Mwinjilisti Aminieli alifoka: "Wafasiri wameandika kuzimu, wanakolala wafu wote! Waandike jehanamu, wapagani waungue!"

Nikamwuliza, "Na mama yetu, aliyekufa kabla dini haijafika huku?"

"Naye anaungua, Mzee Elisaria."

Watu wakatazama viatu vyao, hata wasiovaa.

Wewe unakaa na hao wafasiri. Siku ile ulipolewa pombe ya ndizi nilikuficha mgombani, mchungaji asikuone. Sasa nilipe fadhila: neno kuzimu lisifutwe. Nikifa nataka nimkute mama amelala.

Kaka yako asiyebadilika,
Elisaria