Mshale Ulioshuka

Shirere, Kakamega
Jumapili, 9 Machi 2025

Baba mpendwa,

Pokea salamu zangu kutoka Shirere. Natumaini wewe na Mama hamjambo hapo Mautuma, na kwamba goti lako halikusumbui tena asubuhi. Mimi ni mzima. Nakula obusuma, ugali wetu, nashiba, ila grisi kwenye kucha imekataa kutoka. Ningepiga simu, lakini nakujua, ungekata kabla sijafika katikati.

Hapa gereji naendelea vizuri sana, wala sijisifu bure. Fundi Shikanga ameanza kuniachia injini nzima. Wiki jana alitufundisha ule mshale wa joto la injini. Alichukua sensa yake, kidude cha shaba kinachozama kwenye maji ya injini, akaiunganisha kwa waya na dashibodi kuukuu, kisha akaitumbukiza kwenye sufuria ya maji jikoni. Maji yalipopata moto, sensa ilipitisha umeme zaidi na mshale ukapanda. Akauliza itakuwaje akiitoa majini. Nikawa wa kwanza kujibu, kifua mbele, kwamba utabaki juu kwa sababu makaa bado yanawaka. Alipoitoa, mshale ukashuka hadi chini, nao wanagenzi wenzangu wakanicheka mpaka chai ikapoa. Shikanga akaeleza kwamba sensa hupima maji yanayoigusa. Maji yakiisha, injini huungua huku mshale ukionyesha baridi.

Hapo nikamkumbuka Khaemba, dereva wetu. Pikapu ilipoungua Desemba akipeleka mahindi sokoni, aliapa mbele yako kwamba mshale ulikuwa chini. Ukamwita mwongo, ukamfukuza baada ya miaka kumi na mmoja. Baba, alisema kweli.

Tena si yeye aliyemaliza maji. Mlidhani kifuniko cha rejeta kilirushwa na mvuke. Asubuhi ile ni mimi niliyeongeza maji, nikaitwa chai, nikakisahau mfukoni mwa sweta. Nilikipata jioni, Khaemba ameshaondoka na nguo zake. Nikaogopa, nikanyamaza miezi mitatu. Naona aibu sana.

Injini nitaitengeneza mwenyewe Pasaka, na nina hakika itawaka. Ila siigusi kabla Khaemba hajarudi.

Msalimie Mama, mwambie sweta bado naivaa. Kifuniko kimo ndani ya bahasha hii. Mpelekee Khaemba mkononi, umwambie kilikuwa kwa nani.

Ni mimi binti yako,
Gentrix