Mahindi ya Kando ya Barabara

Baraka, siku ya soko

Kaka Bonaventure,

Pokea salamu zetu zote. Hamjambo huko Kazimia? Wifi Tania na watoto wanaendeleaje? Sisi tunapumua, ila uchovu umetuzidi. Mama bado analalamikia magoti, lakini sahani anaimaliza. Barua hii nampa Clarisse muuza samaki wa ndagala, anapanda boti kesho kuja huko.

Najua umekasirika. Mama ameniambia umemlalamikia kwamba kila ukinipigia simu ninakata, kana kwamba mashine ya kusaga ya baba imenifanya bosi. Basi acha nikupe kwanza habari za hiyo mashine.

Imenisumbua msimu mzima. Wamama wanaanika mahindi kando ya barabara, wingu likitokea wanayazoa mbio mbio pamoja na changarawe, halafu wananiletea yakiwa bado na maji. Yananata kwenye zile rola mbili za kusagia kama ugali wa jana, nami nakaa kukwangua kwa kijiti. Nikiwaambia wayarudishe juani, wanasema nina majivuno. Mkanda nao ukaanza kuteleza, nikaukaza. Kisha unga ukawa laini upande mmoja, na upande wa pili punje zinapita nzima. Nikazima mota, nikapitisha kipande cha karatasi kati ya rola mbili, nikakuta upande wa kulia zimeachana. Nikakaza skrubu kidogo kidogo mpaka karatasi ikabanwa sawasawa huku na huku. Hiyo kazi naiweza, hata usiku wa mvua.

Juma lililopita jirani yetu Émilienne alileta gunia lake. Nilikuwa nimesimama palepale mashine inapomiminiwa mahindi. Mara nikamwona anapunga mikono, na wamama wote wamesimama wananitazama. Nikazima. Jiwe lilikuwa limeingia na kuvunja meno ya rola. Émilienne alisema kitu, nikamwomba arudie akiwa mbele yangu. Akasema, "Marthe, mashine ilikuwa inalia, na we uko unaiangalia tu."

Fundi Wilfried alitoka Mboko, akaondoka na rola kwenda kuichonga meno upya. Alishangaa sana, akasema jiwe kama lile linasikika mpaka barabarani.

Unakumbuka baba alivyotufundisha. Mkanda ukilegea unapiga mluzi, jiwe linagonga, rola zikikosa mahindi zinanguruma, kwa hiyo simama usikilize. Mashine aliniachia mimi mdogo kwa sababu alisema masikio yangu yanashinda yako, na wewe ulinuna mwezi mzima.

Kaka, sisikii tena. Sikio la kushoto lilianza, na la kulia linafuata. Mama sijamwambia, maana akijua ataifunga mashine, na unga huo ndio unaotulisha hapa nyumbani. Simu zako sikuzikata kwa kiburi. Naona jina lako, naweka sikioni, napata mngurumo tu, naona aibu, nakata. Nimelia sana juu ya jambo hilo.

Rola inarudi wiki ijayo, nami naogopa kuiwasha peke yangu. Safari nyingine huenda isiwe meno ya rola, iwe mkono wangu. Nakuomba uje. Mimi nitakaza skrubu, wewe usikilize.

Msalimie sana wifi, na wabusu watoto kwa niaba ya shangazi yao. Ukifika usiniite kutoka mlangoni. Ingia moja kwa moja, usimame mbele yangu nikuone.

Mdogo wako,
Marthe