Jina Nililoandika Pambizoni

Jumapili, 11 Mei

Ibada imeisha saa tano. Chai, kisha chumba cha kwaya, kama kawaida. Wasomaji tisa leo. Tulikuwa kumi na wanne, lakini msimu wa kahawa umetuchukulia watu.

Kitabu ni ile riwaya ya mpika pombe anayewaua wateja wake. Nakala moja, tunapokezana. Mimi nilikisoma siku tatu, nikaunguza maharage mara mbili. Deusi, fundi cherehani, anasema kimemnyima raha. Jovina, muuguzi wa zahanati, anasema hakuna sumu inayofanya kazi hivyo. Nimewaambia wote wawili hawajui kusoma. Utamu wote uko pale mwanamke anapoonja kwanza mbele ya mgeni, kama sisi sote tunavyofanya tukimpa mtu kinywaji, halafu anachovya ukucha wa kidole gumba, uliofichwa sumu, wakati anakabidhi kibuyu. Anatumia adabu kuulia watu. Hapo mwandishi nimemvulia kofia.

Kisha mchezo wetu. Kila mhusika tunamtafutia mtu wa hapa Igurwa anayefanana naye. Aliyesoma anaandika jina pambizoni kwa penseli, anayefuata akikubali anaweka vema. Mpika pombe nilikuwa nimeshamwandika nikiwa nyumbani: Bibi Spesioza, jirani yangu. Mjane, mpole, mgongo umepinda, na rubisi yake, pombe ya ndizi, haina mfano kata nzima. Walicheka mpaka Jovina akamwaga chai. Nilifurahi. Najijua, napenda kuchekesha.

Jumatano, 14 Mei

Madaftari ya darasa la sita yote yamesahihishwa. Mkono unauma.

Jioni nimepita kwa Bibi Spesioza. Alikuwa anachanganya mtama uliokaangwa kwenye juisi ya ndizi. Alikuja hapa msichana, kutoka Burundi, kufanya vibarua vya kulima. Akaolewa na Mnyambo wa hapa, akamzika, akazika na watoto wawili. Kabaki na binti mmoja, ameolewa Kamuli, upande wa Kyerwa. Ameishi hapa muda mrefu kuliko mimi na bado wapo wanaomwita mgeni.

Aliniwekea kibuyu kidogo. Akaonja, akanipa kwa mikono miwili. Nikacheka. Akauliza nacheka nini. Nikasema nimekumbuka mambo ya watoto wa shule.

Jumapili, 25 Mei

Mvua. Tumekutana sita tu. Kitabu kiko kwa Deusi, hakukileta, kasema bado anakirudia. Tumejadili bila kitabu, yaani tumepiga soga. Jovina bado anang'ang'ania mambo ya sumu. Wengine wanasema jina la mpika pombe nimelipatia kabisa, hakuna hata mmoja aliyepinga jina. Vema nane.

Alhamisi, 29 Mei

Nimepeleka sketi kupunguzwa. Veranda ya Deusi imejaa watu. Anawasomea wanaongoja nguo zao, mguu kwenye cherehani, kitabu mkono wa kushoto. Nikafurahi, watu wanapenda kitabu. Nikasimama kusikiliza.

Hasomi jina la mhusika. Kila mahali anasema Spesioza. Spesioza akaonja. Spesioza akachovya ukucha. Watu wanashangilia.

Nilimvuta pembeni. Akasema, "Waitu Mwalimu, si wewe umempa jina? Mimi nasoma kilichoandikwa." Nikamwambia aache. Akasema sawa. Pale pale sikukasirika sana, kusema kweli. Hasira zimenijia njiani.

Wengi wa pale hawakufika darasa la tatu. Vitabu wanavyovijua ni Biblia, cha nyimbo na vya shule. Hawajawahi kuambiwa kuna kitabu cha kutunga.

Jumamosi, 7 Juni

Mzee Katabazi amefariki alfajiri. Alhamisi alikunywa kwa Bibi Spesioza, kama kila Alhamisi. Tumbo lilikuwa limemvimba tangu Pasaka na macho ya njano, kila mtu aliona.

Sitaki kuandika ninachowaza.

Jumatatu, 9 Juni

Mazishi. Wanawake tulikuwa nyuma ya nyumba tunamenya ndizi. Mmoja akauliza, kwenye kile kitabu cha fundi, wa kwanza kufa alikuwa nani? Mwenzake akajibu: mzee, mteja wake wa siku nyingi. Visu vyote vikasimama.

Bibi Spesioza alikuwa palepale, anamenya. Alikuja na mkungu wake kichwani, kama jirani yeyote. Hajui kusoma, hajui chochote kuhusu kitabu. Akauliza, "Mmechoka, wanangu?" Hakuna aliyemjibu. Hata mimi.

Jovina aliwaeleza ni ini. Alimtibu mwenyewe, anajua. Wakamwambia mbona na wewe kule kanisani ulicheka. Akarudia kumenya.

Jumatano, 11 Juni

Nakitafuta kitabu. Nimeweka kifutio mfukoni kama mtoto anayekwenda kwenye mtihani. Deusi hana, amekiazimisha. Aliyeazima amempa shemeji yake. Shemeji kampa mtu wa Rugera, karudishiwa, kampa mwingine. Nimezunguka vibanja vinne, nyumba na migomba yake, miguu yote matope. Nyumba tatu kati ya hizo hakuna mtu anayejua kusoma. Kitabu wanakifanyia nini?

Nilimuuliza mama mmoja. Akasema walitaka tu kuona jina lilipoandikwa. Wameonyeshwa. Akaniambia, "Mwandiko wako, Mwalimu. Mzuri, unasomeka."

Nimefundisha nusu ya kijiji hiki kuandika. Mwandiko wangu wanaujua kama wanavyojua sauti ya kengele ya kanisa.

Ijumaa, 13 Juni

Hakuna mteja kwa Bibi Spesioza tangu mazishi. Leo amemwaga rubisi yote kwenye mashina ya migomba. Harufu imefika mpaka kwangu. Nilimuona kupitia dirisha, anamwaga, anapumzika, anamwaga.

Nilipaswa kwenda.

Jumapili, 15 Juni

Kikundi. Nimesimama nikasema tumefanya upumbavu, twende nyumba kwa nyumba, tuwaeleze ni hadithi, mtu kakaa mezani kwake akaitunga. Wakatazama viatu vyao. Mmoja akasema yeye aliweka vema kwa sababu mimi niliandika. Mwingine hivyohivyo. Wote hivyohivyo. Deusi akasema, kwa upole kabisa, kwamba ni mimi niliyesema hawajui kusoma.

Nilitamani kumrushia kikombe. Ni kweli nilisema.

Tumeondoka bila kukubaliana chochote. Jovina alilia mlangoni. Machozi yake yaliniudhi, sijui kwa nini.

Jumanne, 17 Juni

Bibi Spesioza kaja asubuhi na kibuyu. Kapika kidogo tu, kasema, mikono haijui kukaa bure. Shikamoo, marahaba. Akaonja akanikabidhi. Akasema watu hawapiti kwake siku hizi, labda ni mavuno ya kahawa. Nikasema labda.

Nimemwambia natumia dawa za malaria, nitakunywa baadaye. Dozi niliimaliza wiki iliyopita, lakini si vizuri kuchanganya mapema.

Mchana nimeimwaga ile rubisi. Ingechacha.

Alhamisi, 19 Juni

Saa sita mchana, jua kali. Mawe juu ya bati lake. Nilitoka mbio, nikakuta wameshaondoka. Mstari mzima wa migomba yake umekatwa kiunoni, mingine ikiwa na mikungu michanga. Utomvu bado unachuruzika. Bibi kakaa kizingitini, mikono mapajani. Amejua sasa. Kuna mtu kamwambia.

Hakuniuliza lolote. Heri angenitukana.

Nimekwenda kwa mwenyekiti wa kitongoji. Kaitisha mkutano Jumamosi. Kasema kwa sauti ya chini kuna vijana wanazunguka wakisema kitabu kimeshaeleza cha kufanya. Ninajua ukurasa wanaousema. Mwishoni wanamfungia mwanamke ndani, wanawasha nyumba. Nilipousoma nilikuwa nakula karanga.

Nimemwomba Bibi alale kwangu mpaka mkutano. Kakataa, kasema ana kuku.

Jumamosi, 21 Juni

Naandika sasa hivi, nikingoja nitaanza kujipamba.

Uwanja wa shule ulijaa. Mtoto mkubwa wa marehemu Katabazi alisimama na kitabu. Kumbe kilikuwa kwake. Kimechakaa, jalada limetoka. Akakifungua pale penye jina, akauliza huu ni mwandiko wa nani. Nikasema wangu. Akauliza nilijuaje.

Nikasimama mbele. Nimesimama mbele ya watu maisha yangu yote. Nikasema sikujua kitu, ulikuwa mchezo, nilitaka kuchekesha wenzangu. Nikasema kitabu ni cha kutunga na mtunzi hajawahi kufika Igurwa. Nikasema Mzee Katabazi aliumwa ini, na nikamwita Jovina, naye akasimama, akaeleza vizuri, bila kulia. Nikasema mkosaji ni mimi, mnidai mimi. Nilisema vizuri. Niliona watu wanatikisa vichwa kukubali. Mama mmoja akasema, "Jamani, tumemuonea bibi wa watu." Mwenyekiti alishaanza kufunga daftari lake.

Hapo mtoto wa Katabazi akauliza swali moja. Tangu uandike hilo jina, Mwalimu, umekunywa kwake mara ngapi?

Nikaanza kuhesabu. Nikakumbuka ile ya Mei. Ile ya dawa nikaikumbuka pia.

Bibi Spesioza alikuwa amekaa pembeni kwenye nyasi. Kumbe alikuja na kibuyu. Akainuka polepole, akatembea katikati ya watu, wakampisha kwa haraka mno. Hakutazama mtu. Akaonja. Akameza, wote tukamuona koo linapanda na kushuka. Akanikabidhi kwa mikono miwili, kama siku zote.

Nikatazama kidole gumba chake.

Sekunde moja. Labda mbili. Kucha fupi, zimevunjika, zina weusi wa maganda ya ndizi. Nilitazama, na uwanja mzima ukanitazama nikitazama, na yeye akaona. Kisha nikanywa. Nilikunywa yote, nikapindua kibuyu waone hakuna kilichobaki. Haikusaidia. Nyuma mtu alisema, si kwa sauti kubwa, "Hata Mwalimu."

Mwenyekiti akatoa uamuzi: ahame kwa usalama wake, kabla ya mwisho wa mwezi. Hakuna aliyepinga. Nilinyoosha mkono, hakuniita.

Rubisi ilikuwa nzuri kama kawaida. Nina afya kamili. Najichukia.

Jumatatu, 23 Juni

Vijana hawajarudi. Wameridhika, anaondoka. Mchana nimekaa na Bibi tukifunga vyombo. Nilimwomba msamaha. Nilikuwa nimeandaa maneno mengi, yakatoka mawili. Akasema nimshikie kamba.

Kikundi kimenitumia ujumbe, kuna kitabu kipya. Sijajibu.

Jumatano, 25 Juni

Mkwewe kaja kutoka Kamuli na pikipiki. Vitu vilikuwa vichache: godoro, sufuria mbili, kuku kwenye tenga. Mtumbwi wa kukamulia ndizi umebaki, ni mzito.

Kulikuwa na ukungu bado. Nilimsindikiza mpaka barabarani nikiwa nimebeba tenga. Mkwe alikuwa anafunga godoro. Bibi akaniuliza, kile kitabu, mwishoni yule mwanamke walimfanya nini? Kila mtu alikuwa anamzungumzia, hakuna aliyemwambia alivyoishia.

Nikamwambia alihamia kwa binti yake.

Akafikiri kidogo. Akasema, "Basi aliyekiandika ni mtu mwenye huruma." Nikasema ndiyo, Bibi.

Nikamsaidia kupanda. Aliniaga kwa Kirundi, kisha kwa Kinyambo, halafu wakaondoka. Nilisimama mpaka mlio wa pikipiki ukaisha, nikarudi ndani, nikachemsha chai.