Heng, Herufi ya Babu

Jinhua,
14 Novemba 1998

Dada Peilan,

Pokea salamu zangu baada ya ukimya mrefu. Natumaini kifua chako kimepoa, na kwamba shemeji na watoto hawajambo. Huku tunaendelea vizuri. Suyun amerudiwa na hamu ya kula baada ya kujifungua, ingawa analalamika kwamba mama yake anamlisha supu ya kuku kama bata wa kupelekwa sokoni.

Mtoto alitoka hospitali juzi. Katika shajara yangu nimeandika: tarehe 16 Oktoba, kilo moja na gramu mia saba, tarehe 12 Novemba, kilo mbili na gramu mia moja. Kwa udhaifu wake, sherehe ya kutimiza mwezi tumeisogeza hadi Jumapili, tarehe 22.

Hilo ndilo linaloninyima raha. Baba alipiga simu jana. Anakuja na daftari la ukoo na brashi yake, aandike jina la mjukuu mbele ya wageni. Aliuliza nimechagua nini, nikamjibu bado natafuta. Akacheka, akasema mimi hata viatu huvichagua wiki tatu, nisije nikamwacha mtoto aitwe "Wewe" mpaka aoe. Sikuweza kucheka.

Dada, jina limeshaandikishwa serikalini tangu tarehe 20 Oktoba. Ni Heng, herufi moja tu.

Herufi hiyo nilikuwa nimeichunguza. Kamusi inasema ni kudumu, kutoyumba. Kitabu cha kale cha kupigia ramli kina sura nzima yenye jina hilo. Mwalimu Luo, aliyenifundisha sekondari, alinichorea ilivyochongwa kwenye mifupa enzi za kale: mwezi kati ya mistari miwili, mbingu juu na ardhi chini. Alisema watu wa kale waliitumia pia kwa mwezi unaoelekea kujaa.

Suyun alipoiona kwenye cheti aliuliza kama si hiyo iliyo kwenye kaburi la Babu. Nikasema nilisahau. Akaniambia nina kichwa cha tofu, kisha akalia, maana anajua kwetu ni kukosa adabu mtoto kupewa jina la mkubwa wa ukoo, na Baba akiikuta herufi ya baba yake hata gazetini huiruka asiitamke.

Sikusahau. Kaburi lile nalifagia kila mwaka. Asubuhi ile ya tarehe 20 nesi alituambia kama tuna jina tulilete, kwa kuwa huenda mtoto asifike Ijumaa. Wawili wa kwanza, unakumbuka, waliondoka bila majina. Babu alipita kwenye njaa na mafuriko akafika miaka tisini na moja. Nilichukua herufi yake nikijua, bila kumwomba mtu ruhusa.

Baba hukusikiliza wewe. Nakuomba umweleze kabla hajapanda treni. Akikataa kuandika, sitamlaumu, na nafasi ya mtoto daftarini ibaki tupu. Lakini jina silibadilishi. Siku kumi na moja nililiita kwenye kioo cha chumba cha joto alimolazwa, na sasa yeye hugeuka akilisikia.

Nisalimie shemeji na wapwa zangu. Suyun anakusalimu sana.

Mdogo wako,
Wenbin